Nahodha wa Kusomewa

Nilipohitimu ngumbaru, Garsen nzima ilijua. Asiyejua nilimfuata kwake nikamwambia. Jioni za miaka mitatu nilikaa na watu wazima wenzangu kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio, mbu wa huku wakituinua na kututua. Nikatoka najua kusoma. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama, basi kazi yangu ya kwanza ikawa kumsomea ujumbe wa simu wa kaka yangu aliyekuwa baharini.

Kaka alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo. Ujumbe wake ulikuwa mkavu kama samaki wa ng'onda: "Nipo salama. Kazi nyingi." Mama ananitazama, anangoja. Ningesemaje kwamba maneno yameisha? Nikaongeza mawimbi marefu kuliko minara, na salamu kwa kila kuku wa uani. Mwaka wa pili nikampandisha cheo. Nikamfanya nahodha.

Kisha vita vya watu wa mbali vikaifikia meli ile. Manowari za kigeni ziliizingira, zikaikamata na mizigo na mabaharia wake. Simu ya kaka ikazimika. Mama akawa analala na simu yangu kifuani, na nyumba ikapanuka ghafla, unakohoa huku, mwangwi unakujibu kule.

Tukaitwa Hola, ofisi ya serikali, kuandikisha jamaa zetu waliokuwamo, ili watafutwe kwa majina na kazi zao.

"Anafanya kazi gani melini?" karani akauliza.

"Nahodha," mama akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mji wa Bura.

Karani akapitisha kidole kwenye orodha. "Mama, nahodha wa meli hii ni mgeni, huyu hapa. Wako labda yuko meli nyingine." Akaanza kufunga daftari.

"Mpishi," nikasema. "Andika mpishi."

"Nyamaza wewe! Si ulinisomea mwenyewe?"

"Nilisoma yasiyoandikwa, mama."

Foleni nzima ikacheka. Mtu akasema, "Huyo nahodha wa sufuria!" Mama hakucheka. Karani akaandika. Njia yote hadi Garsen hakunisemesha, na mimi, niwezaye kuzungumza na jiwe mpaka likaomba kupumzika, nikahesabu nguzo za umeme.

Tukaishi hivyo kwa wiki kadhaa. Alinipakulia chakula, akageukia ukuta.

Asubuhi moja napepeta mchele, simu ikalia mlio wa ujumbe. Mama akaniletea, akakaa mbali kidogo.

"Soma. Yaliyoandikwa tu."

"Wametuachia. Nipo salama. Nitakuja."

Akafunika uso kwa leso, akamshukuru Mungu mara nyingi. Halafu akanitazama, kama zamani, anangoja.

"Basi?"

"Basi, mama."

"Hata kuku hakuwaulizia?"

Ulimi ulinicheza mdomoni. Nikaumeza.

"Hakuwaulizia."

Akakunja leso polepole. "Zamani alikuwa na maneno mengi, mwanangu yule," akasema, akaingia ndani peke yake.