Jibu la Mwenyewe

Katika ofisi moja ya kura za maoni, Toronto, mama mmoja Mkenya alivua buti za theluji chini ya meza, akakaa wima, akaanza kupiga simu Uingereza kuuliza wanachama wa chama kimoja cha siasa wanamtaka nani awaongozee chama chao. Hata akitukanwa, sauti yake haikupanda, na hakuandika jibu ambalo mhojiwa mwenyewe hajalitamka. Siku moja alimtafuta mwanachama mmoja, mama wa Leeds, lakini simu ikapokelewa na mumewe, naye akataja jina la mgombea anayemtaka yeye.

"Andika nilivyosema mimi. Mke wangu atamchagua huyo huyo."

"Asante, baba. Ila mwanachama ni yeye."

"Anapika!"

"Apike tu, nitasubiri."

Msimamizi alimwashiria akate simu, apigie mwingine. Yule Mkenya akatikisa kichwa. Hakubanduka. Hatimaye akasikia sufuria ikiwekwa chini, kisha pumzi ya mwanamke.

"Wewe unamtaka nani, mama?"

Mwanamke akanong'ona jina jingine kabisa.

"Samahani, sijasikia vizuri," akasema yule Mkenya, ingawa alikuwa amesikia.

Mwanamke akalitaja tena, safari hii kwa sauti iliyomfikia mumewe.