Fuwele za Binti wa Mama Chujio

Mwalimu wa kemia aliyeitwa Mama Chujio na shule nzima hakuwa na wivu. Ndivyo alivyojiambia kila asubuhi akifungua maabara, na kila asubuhi akakuta wivu umeshatangulia kuingia.

Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuna uongo uliopenya kwake. Ukisema umesahau daftari nyumbani, atakuhoji mpaka ubaki mchanga mtupu kwenye karatasi ya kuchujia. Hali za maada alizifundisha kwa mtindo uleule tangu ujana wake: yabisi, kimiminika, gesi, vidoti ubaoni, nukuu, nyamaza. Watu walifaulu. Nani aliwahi kulalamika?

Kisha akaja mwalimu kijana, mwembamba kama fimbo ya kioo, ratiba ikampa kidato cha pili. Na humo ndimo alimokuwa binti wa Mama Chujio, mtoto wake wa pekee. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

"Mama, leo tumekuwa chembe!" binti alisema mezani, mdomo umejaa. "Kwanza tumebanana, ndiyo yabisi..."

"Meza kwanza."

"Halafu mwalimu akasema moto umezidi, tukatawanyika uwanja mzima!"

"Chembe nilikufundisha mimi, hujaanza hata shule, kwa birika la chai."

"Eeh. Lakini kwa birika hatukukimbia."

Zamani swali lolote la kemia lilimjia mama. Siku hizi mtoto akikwama alifunga kitabu na kusema, "Nitamwuliza mwalimu." Mwalimu! Kwani yeye nani, mpishi?

Wiki hiyo kijana aliwapa wanafunzi kopa salfeti, chumvi ya bluu, iliyochanganywa na mchanga, waisafishe. Waliiyeyusha kwa maji, wakaichuja mchanga ukabaki, wakaipasha moto kidogo, kisha wakaiacha. Maji yakiondoka taratibu, fuwele za bluu hujijenga zenyewe, kona zake kali utadhani kuna fundi aliyezichonga. Vibakuli vikapangwa kwenye rafu ya maabara, kila kimoja na jina la mwenyewe, visubiri hadi kesho.

Alasiri Mama Chujio alikiinamia cha binti yake. Maji ya bluu, fuwele hakuna. "Maji mengi mno," alinong'ona. "Angeniuliza mimi." Akawaza: nikikipasha kidogo tu, kesho atakuwa na fuwele kubwa kuliko za wote, na atakumbuka katoka tumbo la nani. Akawasha kichomeo, akakiweka kibakuli juu yake.

Mara kicheko kikalipuka nje. Alisogea dirishani. Kijana yuko katikati ya uwanja, mikono juu, anapiga kelele, "Joto linapanda! Joto!" na wanafunzi wanamzunguka mbio. Binti yake ndiye aliyekimbia kuliko wote, kichwa nyuma, meno yote nje. Mara ya mwisho kucheka hivyo nyumbani ilikuwa lini? Mama Chujio alitafuta, hakuikumbuka. Roho ikamwuma, akaendelea kutazama, kama mtu anayebonyeza jino bovu.

Ta! Ta-ta! Aligeuka. Yeye aliyefundisha vizazi kwamba kilicho motoni hakigeuziwi mgongo! Kibakulini maji yote yamekauka, umebaki unga mweupe kama vumbi la chaki.

Alikuwa ndiyo kwanza amezima moto na kukirudisha rafuni, binti akaingia anatweta.

"Mama, mbona changu cheupe? Mwalimu alisema zitakuwa bluu. Labda amekosea."

Neno hilo Mama Chujio alikuwa amelingoja muhula mzima. Lilikuwa tamu. "Hata walimu hukosea," alisema.

Binti alivitazama vibakuli vingine. Bluu, bluu, bluu. "Basi ni mimi tu. Mimi kemia siiwezi. Kidato cha tatu naiacha."

"Hapana!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mimi niliyekichoma. Nilikiweka motoni, nikakisahau."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilitaka zako ziwe kubwa."

"Kuliko za nani?"

Mama Chujio alichukua chupa ya maji, akadondoshea unga ule. Ukatoa sauti ya kufoka, ukapata joto, na bluu ikarudi, bluu ya kushtua.

"Haa! Umefanyaje?" Binti alikuwa ameshavuta kigoda, viwiko mezani. "Niambie! Bluu ilikuwa imeenda wapi?"

Mlangoni kijana akachungulia. "Mwalimu, hiyo nzuri sana! Kesho utalionyesha darasa zima?"

Loo, hata kosa langu analitaka, aliwaza Mama Chujio.

"Subiri nje kidogo," alimwambia. "Nina mwanafunzi."