Rangi Nyeupe kwenye Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa jeusi tititi, na taa zake mbili za nyuma hazikuzidi ukubwa wa vifungo vya koti. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, na tangu siku hiyo majirani zetu wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, wakamhesabu kuwa mtu. Kila Jumapili baada ya ibada alilisugua kwa kitambaa laini hadi ungeweza kuchana nywele ukijitazama mlangoni. Wanaume walikuja wakasimama kando, mikono nyuma, wakalisifia kama bibi harusi. Mimi nililichukia. Bado nalichukia, ingawa chuma chake kiliuzwa zamani kwa kilo.

Betri yake ilikuwa ya volti sita, ya kizamani. Taa za nyuma zikiwaka zilikuwa kama makaa yanayokufa jikoni. Badala ya indiketa lilikuwa na vijikono viwili vilivyochomoza ubavuni, na madereva wa miaka ile ya themanini hawakujua vinawaambia nini.

Mama aliuza chai na mandazi kwenye lango la kiwanda huko Industrial Area, kwa vibarua waliotoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga kwa miguu bila kutia kitu tumboni. Ilibidi afike kabla ya mapambazuko. Baba, karani wa baraza la jiji, alimpeleka. Mama aliketi nyuma, birika kubwa la chai amelibana kwa magoti lisimwagike.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu umelala barabarani, lori liliwagonga kwa nyuma. Halikuwagonga kwa nguvu. Gari lilibonyea kidogo tu. Lakini birika lilipinduka, na chai yote ikamwagikia mapaja ya mama. Ni mimi niliyeibandua leso jioni ile, na ngozi ikaja nayo.

"Yule dereva alikuwa amelewa," baba alisema akiwa mlangoni. Hakuingia chumbani.

"Hakuwa amelewa," mama akajibu. "Alishuka akaniomba msamaha huku akilia. Hakutuona, Baba watoto. Hakuna anayetuona."

Alichoomba kilikuwa kidogo: rifleta nyekundu kama zile za baiskeli, rangi nyeupe kwenye bampa, na fundi wa umeme aongeze taa kubwa nyuma.

"Unataka gari langu lifanane na mkokoteni?"

Mikokoteni ya maji iliyopita mtaani kwetu ilikuwa kweli imepigiliwa rifleta na vifuniko vya bati, ikimetameta kama samaki. Na wanaume walioisukuma walikuwa wazima. Hakuna aliyelala chali akipepewa kwa gazeti kama mama.

Jumapili iliyofuata wenzake baba walikuja kulitazama lile bonde dogo kwenye bati. Walilipapasa kwa huruma, wakauliza kama linaweza kunyooshwa. Mama alitoka akichechemea, akawawekea chai.

"Shemeji," mmoja akamwambia, "nasikia unataka kumpaka huyu mfalme chokaa?"

"Huyo mfalme amekula miguu yangu, shemeji."

Wakacheka. Walicheka, wakanywa chai yake! Nilitamani kumwaga kile kilichobaki kwenye birika juu ya viatu vyao vya kanisani. Niliingia ndani nikauma mto.

Vidonda vilipofunga, mama aliamka alfajiri akavaa kanzu yake nyeupe ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani.

"Unaenda wapi na nguo za ibada?" baba akauliza.

"Kazini."

"Basi ingia."

"Humo siingii mpaka lionekane."

Alijitwika beseni la mandazi akatoka. Nilibeba birika nikamfuata. Baba aliona aibu kubaki na aibu kutupita, kwa hiyo alitambaa na gari nyuma yetu, polepole. Vijana waliosimama penye kibanda cha sigara wakamwona.

"Niaje, mzee! Hiyo ni harusi ama matanga?"

Tulifika barabara kubwa giza likiwa bado zito. Nikasikia lori likija nyuma kwa kasi, kisha magurudumu yakapiga ukelele. Nilipogeuka, pua ya lori ilikuwa imekaribia kulibusu gari la baba. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"We mzee! Mama na mtoto nimewaona kutoka kule mbali kabisa. Wewe nimekuona nikikaribia kukaa kwa kiti chako! Unaendesha kivuli?"

Baba alishika usukani kwa mikono miwili.

Jioni alirudi na mkebe wa rangi nyeupe, rifleta, na fundi aliyebeba taa mbili kubwa na betri mpya. Nilimsikia akimweleza jirani kwa sauti ya mtu mwenye busara: "Dereva mmoja mzoefu amenishauri." Dereva! Mama alikuwa amemwambia kwa mdomo, akamwambia kwa ngozi yake, na asisikike. Mtu asiyemjua alimtukana mara moja tu, naye akayaita matusi hayo ushauri. Hasira ile haijanitoka.

Fundi alipomaliza kufunga taa, na baba akawa amepaka bampa mstari mmoja mwembamba, wa aibu, mama alitembea kinyumenyume barabarani katika giza la magharibi, macho kwenye gari, hadi nguo yake nyeupe ikawa doa dogo mwisho wa safu ya nyumba.

"Zima taa!" akapaza sauti. "Je, siku taa zikiungua?"

Fundi akazima. Majirani walikuwa wametoka milangoni.

"Unaliona?" baba akauliza.

"Bado!"

Akapiga magoti katika suruali yake ya ofisi, akachovya brashi, akapaka bampa lote.

"Sasa?"

"Bado! Paka na madigadi ya nyuma!"

Baba alitazama majirani, akanitazama mimi. Sikumsaidia. Akachovya tena.