Nyumba Isiyo na Baraza

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na mwalimu wetu alikuwa akisema herufi zangu zinatembea kama kuku waliofungwa miguu. Mahali pa kuweka "r" wakati mwingine naweka "l", kwa sababu nyumbani kwetu hatuzitofautishi sana tukizungumza. Tena naandika polepole. Tangu nianze, bibi yangu amepita hapa nilipokaa akaniuliza kama maneno haya nayaandika au nayachonga. Basi palipokosewa, msomaji asome kile nilichokusudia.

Nilichokusudia ni kueleza habari za nyumba yangu.

Mimi ni mtu wa haya. Mtu akinisalimu ghafla, jibu langu linatoka yeye ameshafika mbali. Na huku kwetu Tingi hakuna mahali pagumu kwa mtu wa haya kama mbele ya nyumba. Kila nyumba ina baraza, na baraza ni ya kila mtu. Anayepita akichoka anakaa, na akishakaa anauliza. Mimi nimelelewa kwa bibi, mzaa mama, na baraza yake haikosi watu tangu chai mpaka magharibi. Ili nifike barabarani ilinibidi nipite katikati yao.

"Shikamooni."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Shamba."

"Bila jembe?"

Nikirudi kuchukua jembe, wananiuliza mbona nimerudi. Mwisho nikajizoesha kutokea uani na kuzunguka kwenye mihogo, mpaka kichochoro changu kikawa njia kweli, na mbuzi wa jirani wakaanza kuitumia.

Kwa hiyo tangu utotoni nilikuwa nikijenga nyumba yangu kichwani. Haikuwa kubwa. Chumba cha kulala, chumba cha mgeni mmoja asiyekaa sana, ukumbi katikati, na uani jiko na bafu la makuti. Paa nalo la makuti. Bati nililiwaza siku za mvua tu, kisha nikakumbuka kelele yake nikaliacha. Maji ya kunawia yamwagikie kwenye mpapai ili yasipotee bure. Kitu kimoja hakikuwemo, nacho ni baraza. Ukuta wa mbele ungeshuka moja kwa moja hadi chini, kama uso wa mtu aliyenuna.

Badala ya baraza niliweka dirisha. Msinielewe vibaya, watu nawapenda, hasa kuwaangalia. Tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, barabara yetu imechangamka. Yanapita malori ya korosho na ufuta, wanapita vijana wenye marobota ya mitumba, na wengine wana redio za kaseti begani, zinaimba hata wenyewe wakiwa wamechoka. Nilitaka dirisha pana linalotazama barabara, lenye ubao wa kuegemea viwiko. Mimi niwe ndani, dunia ipite nje, na asiniulize mtu jembe liko wapi.

Nyumba hiyo ingebaki kichwani kama nisingempenda msichana mmoja wa Mitole. Nilimwona shambani kwa mjomba, wakati wa kupepeta ufuta. Nilikuwa nimesimama upande usiofaa wa upepo, makapi yangu yote yakamwendea yeye usoni. Akaniambia, "Kaka, hamia huku." Nikahamia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, lakini nilirudi nayo nyumbani nikakaa nayo msimu mzima.

Mjomba ndiye aliyepeleka posa. Shangazi aliyemlea yule msichana hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Huyo kijana simjui, na nasikia hasemi. Basi nitakuja kuiona nyumba yake, ndipo nitajibu." Ikawa ndoa yangu inangoja nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa haijatoka kichwani.

Mjomba akanipa kiwanja kando ya barabara. Asubuhi moja nilichukua majivu jikoni kwa bibi nikaenda kuichora nyumba chini, ukuta kwa ukuta, nikiacha nafasi za milango. Ilipendeza. Nikakaa katikati ya ukumbi wangu wa majivu nikasikia hodi. Alikuwa bibi, amesimama penye nafasi ya mlango, anangoja kukaribishwa.

Kwetu bibi humwita mjukuu wake mume. Ni utani tu, lakini bibi yangu utani wake ni wa kazi, haulali.

"Karibu, bibi."

"Nimekaribia, mume wangu. Chumba changu kiko wapi?"

"Hicho hapo, cha mgeni."

"Cha mgeni? Mke mkubwa ndiyo amekuwa mgeni?"

Wakati huo mjomba naye akaja, akakatisha moja kwa moja kutoka upande wa mkorosho.

"Toka," bibi akamwambia. "Umepita ukutani. Hata mwizi hutafuta mlango."

Mjomba ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa, lakini mama ni mama. Alitoka, akazunguka, akabisha hodi, akaingia. Kisha wote wawili wakaanza kutazama mbele ya nyumba, wakitafuta kitu.

"Baraza umesahau kuichora," mjomba akasema.

"Sikusahau. Haipo."

Bibi alikaa chini, ndani ya chumba chake. "Nikifa, wanaume watakaa wapi?"

"Hutakufa karibuni, bibi."

"Sikuulizi lini. Nakuuliza wapi."

Nilisema uani. Akasema uani watakuwa wanawake na masufuria. Nikasema basi chini ya mkorosho. Akauliza kama siku hiyo ikinyesha mvua nitaomba maiti isubiri. Mjomba alicheka mpaka akaegemea ukuta ambao haukuwepo, nusura aanguke. "Nyumba isiyo na baraza ni ghala," akasema. "Usishangae watu wakija kukuwekea ufuta humo."

Sikubishana nao, kwa kuwa kubishana nako ni mazungumzo. Niliijenga kama nilivyoichora. Nilikata nguzo na fito, nikafunga kwa kamba za magome, nikakusanya mawe, na siku ya kukandika majirani walikuja kama desturi, wanawake wakateka maji, wanaume wakakanyaga udongo, tukala ugali wa muhogo kwa kunde. Seremala akanitengenezea dirisha langu na ubao wake. Kila aliyepita siku ile aliutazama ule ubao, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo, akaenda zake. Nilidhani wanalisifu dirisha.

Udongo ulikuwa haujakauka vizuri alipokuja mama mmoja wa jirani. Akaweka chupa tupu juu ya ubao wangu.

"Nijazie mafuta ya taa."

Hapo ningemwambia hakuna duka. Lakini ningesema hivyo angeuliza dirisha ni la nini, nami ningepaswa kueleza habari za haya yangu tangu utotoni. Nikatafuta neno fupi zaidi.

"Hayajafika."

"Haya. Yakifika utaniambia."

Baada yake akaja mzee anayetaka nusu mche wa sabuni. Nayo haikuwa imefika. Dereva wa lori akasimama akauliza soda, nikamjibu kwa kichwa tu. Ilipofika Ijumaa, watu walitoka msikitini wanajua kwamba mzigo wangu uko njiani.

Wala hawakuwa wajinga. Siku hizi kwetu, aliyepata gunia la sukari hutoboa dirisha linalotazama barabara, akaweka ubao, akauza. Hujenga hivyo, bila baraza, mwenye duka peke yake, maana baraza humjazia watu wasionunua. Mimi nilikuwa nimejenga duka kamili, nikakosa bidhaa tu.

Watu wakaanza kuja kungoja mzigo. Walikalia mawe yaliyobaki kwenye kukandika, yaliyokuwa chini ya dirisha langu. Mmoja akayapanga vizuri yasimuumize. Mwingine akaleta bao. Siku moja nilipotazama chini nikaona baraza, imejijenga yenyewe, tofauti yake na nyingine ni kwamba haina kivuli na maswali yake yanaingia ndani kwangu moja kwa moja.

"Mzigo umekwama wapi?" mmoja akauliza.

Kabla sijapata neno, mwenzake akamjibu. "Utakuwa kivukoni Rufiji, unangoja zamu."

"Ni mwingi?"

"Ungekuwa kidogo ungeshafika."

Bibi alikuwa amekaa katikati yao, kwenye jiwe zuri kuliko yote. "Mume wangu hafanyi mambo madogo," akawaambia, kisha akanitazama dirishani na uso mkavu kabisa.

Katika hali hiyo ndipo akaja shangazi.

Aliteremka kwenye lori na yule msichana nyuma yake. Wenye bao wakampisha, maana mgeni hapangi foleni. Alikuja moja kwa moja, akaweka viwiko vyake pale nilipopanga kuweka vyangu.

"Hodi, mwenye duka."

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpaka Mitole habari imefika. Nimefurahi. Mtu mwenye mkwe wa dukani hali mboga isiyo na chumvi. Haya, anza na mimi. Nipe chumvi."

Wenye bao waliacha kete wakageuka. Nyuma ya bega lake nilimwona yule msichana anauma pindo la kanga, ananitazama. Neno "haijafika" lilikuwa mdomoni tayari, limeshazoea njia. Nilijua nikilisema, shangazi atakubali leo leo. Lakini niliona pia kwamba yule msichana atakuja kukaa nyumba hii akingoja mzigo pamoja na hawa wengine, mpaka siku atakapochoka.

"Mama, hapa si dukani," nikasema.

"Si dukani?"

"Ni nyumba."

"Na dirisha hili?"

"La kuangalia watu."

"Na hawa je?"

"Wanangoja mzigo."

"Mzigo gani?"

"Hakuna mzigo."

Mtu mwingine angeyasema hayo huku anatafuna. Mimi jasho lilinitoka kama niliyepanda mnazi. Kule nje mama wa jirani aliitazama chupa yake. Mmoja wa wenye bao akasema taratibu, "Kumbe kivukoni hakuna kitu." Bibi akaanza kucheka.

"Mimi nilijua."

"Ulijua?" mzee wa sabuni akamgeukia. "Mbona ukatukalisha hapa siku zote hizi?"

"Ulikuwa unakwenda wapi? Bao lenyewe unafungwa tu."

Hapo yule msichana akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko chake kikawaambukiza hata waliokuwa wamenuna. Shangazi hakucheka. Alizunguka nyumba yote, akagonga ukuta kwa vidole, akachungulia jiko, akautazama mpapai na maji yake. Akarudi mbele.

"Nyumba nimeiona," akasema. "Sasa mimi nikae wapi?"

Bibi akasogea kwenye jiwe lake. "Njoo hapa, mwenzangu." Shangazi akakaa, jiwe likayumba, akashika bega la bibi. Alikula chakula chetu hivyo hivyo, sahani mkononi, akiyumba kila anapomega tonge. Alipomaliza alinawa, akazungumza na mjomba, lakini kwa sauti ya kunifikia ndani.

"Mkwe kuwa na haya si ubaya, ni adabu. Na leo ameweza kusema. Ila mtoto wangu simleti kwenye nyumba inayotazama watu bila kuwakalisha. Nitarudi kabla ya masika. Nikikuta pa kukaa pasipoyumba, nitajibu."

Ndiyo maana sasa hivi mbele ya nyumba yangu kuna majivu tena. Nachora baraza. Mjomba anasema iende urefu wote wa ukuta. Bibi anasema iwe pana kiasi cha mtu kujinyoosha mchana, naye amejinyoosha juu ya majivu kunionyesha, kanga yake ikaondoka na mstari mmoja. Mimi mwanzo niliichora ya kutosha mtu mmoja mwembamba, nikaona aibu, nikaongeza.

Kisha mjomba alipokwenda Mitole alirudi na ujumbe wa yule msichana. Amesema dirisha lisizibwe. Anataka kukaanga vitumbua auzie hapo, kwani watu wameshazoea kuja. Mimi nitatwanga mchele wa unga wake, yeye atakaa penye ubao aseme na watu. Nimelifikiria jambo hili siku nyingi na sijapata kasoro ndani yake. Nitakuwa ndani kama nilivyotaka, na dunia itapita nje, ila viwiko vitakuwa vyake.

Limebaki jambo moja linalonishinda. Baraza ikikaa chini ya dirisha, mnunuzi wa vitumbua atafikaje kwenye ubao bila kukanyaga migongo ya wenye bao? Nikiisogeza kando, inaziba kichochoro cha uani nilichojiachia hapa pia, nami bado sijawa tayari kukosa kichochoro. Udongo nimeshaulowesha.

Basi nawaomba mnaosoma mniandikie. Nielezeni baraza ya kwenu imewekwaje, mlango uko upande gani, na mtu asiyependa kuulizwa maswali anapita wapi. Msijali mwandiko. Ukiwa mbaya kama wangu nitausoma kwa urahisi zaidi. Ila andikeni, msije kuniuliza hapa dirishani, kwa sababu mkija nitawajibu kwamba haijafika.