Kuku wa Kitabu kwa Mama Mkwe

Nina vitabu saba vya mapishi, na sijapata kukifuata hata kimoja. Navipenda kama mtu anavyompenda jamaa yake mpumbavu: raha yangu ni kuvisahihisha. Kitabu kikisema siki, natia ukwaju. Kikisema siagi, natia samli, maana aliyekiandika ni dhahiri hakulelewa vizuri. Ninachokitaka humo ni picha. Maneno nina yangu.

Lakini wanawake wa uchochoro wetu hapa Mji Mkongwe niliwadharau kuliko hivyo vitabu. Ramadhani nzima ni muhogo wa nazi, ndizi za nazi, majimbi ya nazi, mpaka mwezi wa Sikukuu uandame. Nazi zikitoweka duniani, watu hawa watakufa njaa na friji zao zimejaa.

Na aliyenikera kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu. Miaka sita ya ndoa yetu, kila Ramadhani alikuja kufutari kwetu, na kila alipokuja alipanda ngazi zetu akihema, kabeba hotipoti mbili kutoka kwake Chukwani. "Nimeona nisikutaabishe, mwanangu," ndiyo kauli yake. Taabu gani, na mimi nimesimama jikoni tangu adhuhuri? Mume wangu hufunua za mama yake kwanza. Nilidhani ni adabu kwa mzazi.

Mwaka jana nikaona imetosha. Nikampigia simu: "Mama, safari hii njoo mikono mitupu. Nakuomba." Akasema, "Haya, mwanangu." Nilitaka jambo moja tu: ale changu, ashibe, akiri kwamba mwanawe kaoa mpishi.

Nikachagua kuku mwenye picha nzuri kuliko zote, kuku wa zeituni na ndimu zilizolazwa kwenye chumvi. Zeituni za dukani sizitaki, kwa hiyo nikatia mbirimbi, yale matunda machachu, nilizozikausha mwenyewe darini kwa chumvi. Kwa ndimu nikatia achari yangu, kikombe kizima, kwa kuwa kitabu kilisema ndimu mbili na mimi nilikiona kichoyo. Mwisho nikatia vijiko viwili vya chumvi. Hapo tu, sijui kwa nini, ndipo nilipokitii kitabu.

Mstari wa mwisho ulisema: onja, kisha urekebishe chumvi. Nikacheka. Mwandishi yule hajapata kupika na funga.

Mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Jirani yangu huitumia ruhusa hiyo alasiri nzima, hata najiuliza anabakisha nini cha kufutari. Siku ile alikuwa katika siku zake, hakufunga, akasimama mlangoni kwangu akinusa.

"Shoga, mie leo sina funga. Lete nikuonjee."

"Ahsante. Mimi napika kwa jicho."

"Jicho halina ulimi, bibi weye," akasema, akenda zake. Nikamwona mdaku, hana analolitaka ila kuchungulia chungu changu.

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende, tukasali, tukakaa mkekani sisi watatu. Kuku kapendeza kuliko wa kwenye picha. Mama mkwe akamega kipande, akatafuna mara moja, akasita. Akakitoa taratibu kwenye karatasi.

"Mwanangu, chumvi."

Alisema bila kejeli, kama mtu anayekuonyesha kwamba kanga yako imechanika. Nikaonja. Huwezi kusema chumvi ilizidi. Ilikuwa chumvi iliyotiwa kuku. Nilitamani sakafu inimeze. Kabla sijaomba radhi, mume wangu, ambaye alikuwa keshameza tonge la pili, akasema bila kuinua macho:

"Mbona tamu tu."

Mama yake akamgeukia. "Mwambie mwenzio kweli. Mie nshachoka kukubebea vyakula kila ukinipigia simu."

Nami nikaanza kuyapitia yote niliyompikia mume wangu: pilau ya ngano, pweza wa maziwa ya unga, mkate wa kumimina niliotia iliki na pilipili manga. Kila mara alipangusa mdomo, akanambia neno lile lile, nami nikavimba kichwa, nikafungua ukurasa mwingine. Chumvi haikunitia haya hata nusu ya hayo. Chumvi ni kosa la siku moja. Kumbe miaka sita nimewacheka wanawake wa watu kwa sifa za mwongo, na aliyenijua ni mama mkwe niliyemchukia.

Nikamsukumia mume wangu bakuli zima.

"Kama tamu, kula."

Akachukua paja. Akala, jasho likimtiririka, mbele ya mama yake na mbele yangu, na hakuna kati yetu aliyemwambia aache.