Nyegere Aliyetudai Hodi

Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka na akili zangu timamu. Siku ile sikuwa nimeonja mnazi hata tone.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mtunza bustani katika hoteli moja mjini Malindi, nimepanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo, na kila nilipopata likizo nilikimbilia kwetu Jilore kuwinda nyegere pamoja na rafiki yangu Katana. Unamjua nyegere? Mnyama mfupi, mweusi upande wa chini, mgongo mweupe kama aliyejifunika shuka, mwizi wa asali asiyeogopa nyuki wala simba. Nyama tulikula, kucha tuliwauzia waganga, na moja niliifunga shingoni kwa majivuno. Kuwinda kulishapigwa marufuku, tulijua. Tukawinda kimyakimya.

Basi nikampenda Kadzo. Baba yake, Mzee Kahindi, alikuwa na mizinga ya nyuki, na nyegere mmoja alikuwa akimvunjia kila wiki. Nilipopeleka posa, mzee hakunitajia ng'ombe wala mnazi.

"Niletee ngozi ya yule mwizi," alisema, "ndipo tuzungumze."

Kazi gani hiyo kwa mtu kama mimi? Nilijiona nimeshaoa.

Kesho yake alasiri, mimi na Katana tulifuata nyayo mpaka kwenye shimo kando ya kichuguu. Tukaanza kuchimba. Jembe la tatu tu, sauti ikatoka ndani:

"Kwani kwenu hakupigwi hodi?"

Niamini, Katana alilirusha jembe juu, na kabla halijatua alikuwa ameshavuka shamba la mihogo. Mimi nikabaki peke yangu. Ungefanya nini wewe? Nikasema, "Hodi," kwa sauti ya mtoto mdogo.

"Ngoja nitoke mimi. Humu hutaenea."

Akatoka mzee mfupi, mnene, uso mweusi tititi, nywele nyeupe zimeanzia kwenye paji la uso zikashuka mpaka mgongoni. Akajikung'uta vumbi. Harufu yake, ndugu yangu, ilinitoa machozi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wataka nini kwangu?"

"Ngozi." Uongo haukunijia.

"Ninayo moja tu, na bado naivaa."

Akaketi juu ya udongo tulioufukua, akaitazama ile kucha shingoni mwangu kwa muda mrefu.

"Hiyo ni ya shemeji yangu. Mlimla?"

"Tulimla, babu."

"Alikuwaje?"

"Mgumu kidogo."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hata alipokuwa hai alikuwa mgumu hivyo hivyo! Muulize dada yangu!" Nami, kwa hofu, nikacheka naye. Ghafla akanyoosha mkono. Macho yake hayakuwa yanacheka tena, nikajua nisipotoa, nyumbani sifiki. Nikaivua ile kucha nikamkabidhi. Vidole vyake viligusa vyangu vitatu, vya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Akaifunga kwenye pindo la shuka aliyojitanda, polepole, kama mtu aliye msibani. Hapo, nakwambia kweli, niliona haya kuliko hofu.

"Mwambie Kahindi, ule mzinga wa upande wa kisima aniachie. Mingine sitaigusa. Na wewe usituwinde tena."

Akaingia shimoni kinyumenyume, akinitazama.

Nilikwenda kwa Mzee Kahindi mikono mitupu, nikijua nimemkosa Kadzo. Nikamsimulia yote. Hakucheka.

"Ulimwamkia?" aliniuliza.

"Nilimwamkia."

"Akaitikia?"

"Aliitikia."

Mzee akanusa ugoro wake, akapiga chafya mbili, akamwita mkewe. "Mama Kadzo! Huyu kijana ana adabu. Na waoane."

Tukaoana. Nyegere alikula mzinga mmoja tu, ule wake, na mingine ikajaa asali mpaka tukakosa vyombo. Katana alihamia Rabai kwa mjomba wake, na mpaka leo hachimbi hata shimo la choo.

Na mimi? Tazama mkono huu. Kucha za vidole hivi vitatu zinaota nene, nyeusi, zimepinda. Wembe haziusikii. Daktari alizigeuzageuza akaniuliza kama ninafanya kazi ya rangi. Kila Ijumaa Kadzo hunikalisha barazani akazipunguza kwa tupa ya kunolea mapanga, huku akinicheka mpaka majirani wanachungulia.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukiletewa kucha ya nyegere, hata ya bure, usiipokee. Hujui ni ya shemeji wa nani. Na ikitokea umemla mmoja kisha mzee usiyemjua akakuuliza alikuwaje, sema kweli, tena upesi.