Shahidi wa Pili

Moshi wa mafunjo mabichi haufanani na moshi mwingine. Si wa kuni wala wa majani ya migomba. Ni mzito, una uchachu wa matope ndani yake, na ukikuingia kooni unakaa. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye gari tukielekea Kamuli, dirisha wazi, nikaukuta umetanda barabarani. Bondeni watu walikuwa wakichoma kinamasi wapate mahali pa kulima viazi. Nikamwomba dereva asimame, nikashuka, nikajifanya nachimba dawa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalia, na mtu mzima wa umri wangu hapendi kulia mbele ya dereva.

Naomba niwasimulie ninyi, maana nyumbani kwangu habari hii nimeisimulia vibaya kwa miaka mingi.

Nilisoma shule ya msingi kule Chonyonyo, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Novatus, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ndiye aliyeanzisha chama cha ndege. Msinicheke. Shule nyingine zilikuwa na kwaya na mpira, sisi tulikuwa na ndege. Kila Jumamosi watoto kumi na mmoja tulimfuata kwa mstari mmoja kwenye vijia vya migomba na kahawa, manati marufuku, kelele marufuku, na darubini moja tu ambayo jicho lake la kushoto lilikwisha kufa zamani. Kila mtu alichungulia kwa zamu, akihesabu kimoyomoyo hadi kumi, kisha akampa mwenzake. Baba yangu, ambaye Jumamosi alinihitaji kwenye kuchuma kahawa, aliniuliza kwa upole kabisa kama tukishamwona huyo ndege huwa tunamla. Nilipojibu hapana, alitikisa kichwa akaenda zake.

Tulichokiona kiliandikwa kwenye daftari la chama: jina la ndege, mahali tulipomwona, na majina ya mashahidi wawili. Wawili, si mmoja. Ndege aliyeonwa na mtu mmoja hakuingia daftarini, hata mtu huyo alie machozi. Jumamosi moja mwalimu mwenyewe alifika uso unang'aa, akatuambia kuwa alfajiri amemwona bundi mkubwa mwenye masikio juu ya paa la kanisa. Alitueleza macho yake, kucha zake, namna alivyogeuza shingo. Tukamwambia basi amwandike. Akasema hana shahidi. Hakumwandika, na niliona jinsi ilivyomuuma.

Kipenzi chake kilikuwa korongo mwenye taji, yule ambaye kwa lugha ya kwetu tunamwita entuha. Kwa kina Vestina, rafiki yangu ambaye wazazi wake walitoka Rwanda wakawa vibarua kwenye mashamba ya jirani zetu, walimwita umusambi. Kwenye kinamasi chini ya shule walikuwa wanakuja wawili wawili, wanarukaruka na kuinamiana kichwa, na sisi tumelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, matumbo yamelowa, hakuna anayethubutu kukohoa. Nimehudhuria harusi nyingi tangu wakati ule, na yangu mwenyewe ikiwemo, lakini furaha ya namna ile sijaipata tena.

Nikiwa darasa la tano, kiangazi, kinamasi kilichomwa moto. Moshi ulikaa kijijini siku kadhaa, na ulipoondoka, korongo nao walikuwa wameondoka. Mwaka huohuo mwalimu akaanza kukohoa.

Safari zetu zikafupika. Kwanza tuliacha kupanda kilimani, kisha tukaacha kuteremka bondeni, kisha tukawa tunaishia kwenye migomba ya nyuma ya nyumba yake, tunaandika shorewanda na chiriku, ndege ambao hata kuku wanawajua. Mimi, mjinga wa kutupwa, nilikasirika. Nilidhani amekuwa mvivu. Mwishowe hakutoka kabisa. Alikaa barazani kwenye mkeka, blanketi mabegani, na dada yake Filomena, aliyekuja kumuuguza, ndiye aliyemshikia kikombe cha uji. Wakubwa walisema ni kifua, na wakishasema hivyo walitazamana. Miaka ile kwetu watu wengi waliugua kifua.

Chama kikabaki mikononi mwa Gozbert wa darasa la saba, kijana mwenye ulimi mkali. Tulitembea wenyewe, kisha tukapita barazani kumsomea mwalimu daftari. Alisikiliza macho yamefumba. Tukimaliza aliuliza swali lilelile: na korongo? Tukajibu hakuna. Akasema haya, labda wiki ijayo. Ikawa hivyo kila Jumamosi, mpaka nikafika mahali nikawa naiogopa Jumamosi yenyewe.

Basi siku moja, kabla Gozbert hajafungua mdomo, nikasema wapo. Nikasema nimewaona wawili asubuhi nilipokwenda kuchota maji. Sikuwa nimepanga, ilinitoka tu. Mwalimu alifumbua macho akanitazama, na papo hapo Gozbert akauliza shahidi wangu ni nani. Nikamgeukia Vestina, maana kila asubuhi tulikwenda naye majini. Masikini Vestina, alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara na uongo aliuogopa kuliko nyoka. Akainama akatazama vidole vya miguu yake. Wenzangu wakaanza kuguna, mmoja akaniita mwongo, Gozbert akacheka. Mwalimu akasema niandike jina langu, na nafasi ya pili iachwe wazi.

Wiki ile shuleni jina langu likawa Korongo. Nikipita, wananyanyua mguu mmoja na kupiga mabawa. Hata watoto wa darasa la kwanza, wasiojua kisa chenyewe, walipiga mabawa.

Siku ya Alhamisi, mapumziko ya saa nne, tukiwa uwanjani, tulimwona mwalimu anapita. Alikuwa amevaa gambuti, miguu inapwaya ndani yake, darubini shingoni, na Filomena nyuma yake na mwavuli, uso ameukunja. Alitembea pembezoni mwa uwanja wote, hatua moja moja, akisimama kuvuta pumzi. Mpira ulisimama. Tulimtazama wote hadi alipopotea kwenye mteremko wa kwenda bondeni. Nilijua anakwenda kutafuta kitu ambacho hakipo, na nilijua aliyemtuma ni nani. Nilitaka kumkimbilia nimwambie. Sikukimbia. Kengele ikagongwa, nikaingia darasani pamoja na wengine.

Jumamosi tulimkuta amelala ndani. Filomena alikuwa shambani. Mwalimu aliomba daftari na kalamu, akamwambia Gozbert amwinue mabega, akaandika jina lake pembeni ya langu, herufi zinayumba.

"Wawili," alisema. "Mmoja alisimama kwa mguu mmoja."

Gozbert alifunga daftari, na tangu siku ile hakuna aliyeniita Korongo. Nilikuwa nimesema uongo na Mungu ameugeuza kuwa kweli, ndivyo nilivyoelewa. Jioni hiyohiyo nilimkokota Vestina hadi kinamasi. Tulikuta vishina vyeusi na matuta ya viazi. Nikamwambia wameruka.

Mwalimu alifariki baada ya wiki mbili. Tulimzika kwenye migomba ya kwao, na sisi wa chama tulisimama kwa mstari mmoja bila kuambiwa na mtu. Nililia sana. Lakini nawaambieni, ndani yangu kulikuwa na faraja: alikufa amewaona. Faraja hiyo nilikwenda nayo sekondari, nikaolewa nayo, nikawasimulia wanangu kwa majivuno jinsi mama yao alivyowasemea korongo wakaja.

Miaka mingi ilipita. Siku moja nilikuwa Omurushaka nikisubiri basi la Bukoba, nikamwona mwanamke anauza ndizi kando ya barabara, nikamtambua. Alikuwa Filomena, kichwa kimejaa mvi. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia nilisoma kwa kaka yake. Alifurahi, akanisogezea kigoda nikae, akaniuliza habari za wazazi. Nami, nikitaka kumpa neno la kumfariji, nikasema angalau marehemu aliwaona korongo wake kabla hajaondoka.

Akaacha kupanga ndizi. Akauliza korongo gani. Akaniambia hawakufika bondeni siku ile. Waliishia kwenye kahawa za jirani, chini kidogo ya shule, mahali ambapo mtu wa uwanjani hawezi kukuona tena. Hapo miguu ilimkatika kaka yake, akakaa chini, akatapika. Filomena alimbeba mgongoni akamrudisha nyumbani kwa njia ya nyuma, na alikuwa mwepesi kuliko mkungu wa ndizi. Baada ya hapo hakusimama tena. Alisema yote hayo yalitokana na mtoto mmoja aliyemdanganya mgonjwa, na kwamba yeye, Filomena, amemchukia mtoto huyo miaka yote bila kumjua.

Ningeweza kunyamaza. Basi lilikuwa limefika, kondakta anaita. Nikamwambia mtoto huyo ni mimi.

Hakunitukana, wala hakunishika mkono.

"Nilimwomba turudi tangu pale mlangoni," alisema. "Nikamwambia, Nova, unajua kabisa kule hakuna kitu. Akasema anajua. Akasema twende hivyohivyo, tupite kwanza uwanja wa shule, watoto watuone."

Basi liliondoka bila mimi. Nilibaki kwenye kile kigoda, na Filomena akaendelea kuuza ndizi zake, wateja wakija ananisogeza kwa mkono nisizibe njia.

Utoto wangu wote niliamini mwalimu alikwenda kutafuta korongo. Hakuwa akiwatafuta. Mtu asiyeweza kushika kikombe chake mwenyewe alivaa gambuti akazunguka uwanja mzima, ili siku akiandika jina lake karibu na langu asiwepo mtoto wa kuuliza aliwaona lini. Ningemkimbilia kabla kengele haijagongwa, nikasema mbele ya wote kwamba nimedanganya, angerudi kulala na nguvu zake chache zilizobaki. Hatua hazikuzidi thelathini kutoka nilipokuwa hadi alipokuwa. Sikukimbia, kwa sababu niliogopa kuchekwa.